Usiuze Milango ya Mkonga

 

Wiki hii nimeulizwa swali lile lile na watu wawili wasiojuana. Mmoja ni kijana wa Bunda mwenye Land Cruiser mkonga, pikapu, ambayo msimu wa pamba inabeba pamba na msimu mwingine inabeba chochote chenye nauli. Mwingine ni mama wa Makoko, Musoma mjini. Mume wake amerudi nyumbani na picha kwenye simu, akasema anataka gari lao liwe vile. Picha nimeiona. Ni Jeep ya Marekani imepandishwa juu ya jabali, milango yake ya kiwandani haipo, na mahali pake pamewekwa mabomba yaliyopindwa kufuata umbo la mlango, hayana bati wala kioo. Unamwona dereva kuanzia bega mpaka kiatu. Ndiyo milango ya mabomba yenyewe. Wanauliza: huku kwetu inafaa?

Jibu langu nalitoa mapema ili mwenye haraka aende zake. Tengeneza ukitaka, lakini ile milango uliyoing'oa usiuze, hata ukipewa bei nzuri. Mwenye nafasi abaki, nimweleze.

Kwanza tusijifanye kwamba kitu hiki kimeletwa na simu. Panda bajaji pale Bweri, kisha tazama upande wa kulia wa kiti cha abiria. Mara nyingi utakuta bomba au nondo imechomelewa ikakatiza uwazi. Kiwandani haikuwepo. Imewekwa kwa sababu sisi tunaendesha kushoto, na abiria anayeshukia kulia anashukia katikati ya barabara, mbele ya gari linalopita. Bomba lile halizuii mvua wala vumbi, na lori likija ubavuni halimwokoi mtu. Limewekwa ili mtu asitokee pasipotakiwa, basi. Aliyeelewa bomba la bajaji amekwisha kuelewa nusu ya mazungumzo ya leo.

Nusu nyingine iko Serengeti. Simama siku moja karibu na lango la Ndabaka, pale barabara kuu ya kutoka Mwanza inapopita kandokando ya hifadhi, utazame magari ya watalii. Karibu yote yana milango kamili na vioo kamili, na paa linaloinuliwa ili mgeni asimame apige picha. Halafu nenda upande wa mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo, yaliyotangazwa mwaka 1994. Huko hoteli za kampuni ya Singita zinatembeza wageni kwa Land Cruiser zilizo wazi ubavuni, huoni mlango wala kioo. Simba ni wale wale. Nyumbu ni wale wale wanaopita ukanda wa magharibi kuanzia Mei. Kwa nini basi gari moja lifungwe, jingine liachwe wazi?

Njia ndiyo inayoamua. Gari lililotoka Arusha limekula lami na vumbi siku nzima, limepishana na mabasi na malori, na kesho kutwa litarudi kwa njia hiyo hiyo. Gari la Grumeti linampokea mgeni kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Sasakwa, linatembea taratibu, linalala humo humo. Trafiki wa Lamadi halimjui. Gari lile lina kazi moja maisha yake yote, na bodi yake imetengenezwa kwa kazi hiyo.

Sasa wewe kijana wangu wa Bunda, jitazame. Asubuhi mkonga yako iko kwenye matope ya Hunyari. Mchana iko kwenye lami ikiwahi Musoma kabla benki hazijafungwa. Jumamosi inapeleka watu harusini Butiama, na mama mzazi wa bwana harusi amekaa mbele na kitenge kipya. Gari la huku kwetu halina kazi moja. Hapo ndipo shida ya milango ya mabomba inapoanzia, maana fundi wa kuitengeneza hakosekani.

Tuufungue mlango wa kiwandani tuone unachokitupa. Ukivua lile jalada la ndani unakuta mashine ya kioo, kitasa, nyaya za spika na, kwa magari yenye mambo, nyaya za vioo vya umeme. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana pia chuma kilicholazwa ndani ya mlango kwa ajili ya kugongwa ubavuni. Kuzunguka tundu lote kuna raba inayozuia maji na vumbi. Nje kuna saiti mira. Hii saiti mira watu wanaisahau mpaka siku ya kwanza barabarani, ndipo wanagundua kwamba imeondoka na mlango. Land Rover 109 za zamani zilikuwa na vioo vyake juu ya bawa la mbele, kwa hiyo ungeweza kung'oa mlango na bado ukaona nyuma. Tena 109 ilikuwa rahisi zaidi: ile nusu ya juu yenye kioo cha kusukuma imeshikwa na nati mbili tu, unafungua kwa spana, unabaki na mlango nusu. Wazee wengi wa mkoa huu wameendesha hivyo bila kumwomba fundi kitu. Na kabla yake Jeep za jeshi la Marekani za Vita Kuu ya Pili zilitoka bila mlango wowote wa chuma, askari akikingwa na mkanda uliofungwa kukatiza ubavu.

Hayo yalikuwa magari ya mwendo wa vita na mwendo wa shamba. Barabara yetu ya Mwanza kwenda Sirari si ya mwendo huo. Septemba 2014, pale Sabasaba wilayani Butiama, mabasi mawili yaligongana na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Siisemi ajali ile kwamba mlango ungesaidia; mabasi ni mabasi. Naisema ili tukumbuke ni barabara gani tunayoizungumzia. Kwenye lami ile, bomba la inchi moja kati ya nyonga yako na gari jingine ni kitu kidogo sana. Kazi yake ni kukuzuia wewe usimwagike nje gari likiinama. Basi halizuii. Nashukuru tu kwamba mkanda wa kiti umefungwa kwenye nguzo ya bodi, si kwenye mlango, kwa hiyo mlango ukiondoka mkanda unabaki. Ufunge. Asiye na mlango na asiyefunga mkanda sina la kumwambia.

Halafu kuna wadudu, na hapa namjibu yule mama wa Makoko, maana alisema kwamba mume wake anataka kupeleka watoto Serengeti. Mama, ukanda wa magharibi wa Serengeti, misitu ya mto Grumeti, una mbung'o. Mbung'o hufuata kitu kinachotembea, na gari linalotembea kwake ni mnyama mkubwa. Ndiyo maana unaona vitambaa vya bluu na vyeusi vimetundikwa porini: ni mitego, rangi hizo humvuta. Kioo kikiwa juu anagonga, anateleza. Bomba hatagonga. Anaingia, anachagua mguu wa nani. Kuuma kwake kunauma kweli kweli, na anaweza kubeba malale. Mwaka 2001 watalii kadhaa wa Ulaya waliotembelea hifadhi za Tanzania walirudi kwao na ugonjwa huo. Na hata usipokwenda mbali, hapo Makoko penyewe wale wadudu wa ziwani wanapopanda juu ya maji kama moshi, endesha gari lisilo na kioo usiku taa zikiwa zimewashwa, uone utakula nini kabla ya chakula cha jioni.

Haya. Pamoja na hayo yote, sikusema usitengeneze. Nimesema usiuze. Kuna kazi ambazo milango ya mabomba inazifaa hasa. Ukiwa kwenye udongo mweusi wakati wa mvua, unataka kuona tairi lako la mbele limekaa wapi, na mlango kamili unakuziba. Ukiwa juu ya mawe ya Butiama ni vile vile: unainama, unaona jiwe, unageuza usukani kidogo. Ukiwa unapanda na kushuka kila baada ya hatua ishirini, unapanda miche au unakagua uzio, mlango mzito unachosha mkono. Na kwa watu wa Kunzugu na Hunyari wanaoamshwa usiku kwa sababu tembo wameshuka mashambani, anayekwenda kuwafukuza kwa gari anahitaji masikio kuliko anavyohitaji kioo. Tembo mkubwa anatembea kimya, lakini mahindi hayavunjiki kimya.

Basi twende kwa fundi. Siku ya Jumanne nilikaa Nyasho kwenye karakana ya kuchomelea nikitazama mlango mmoja ukitengenezwa, na yale niliyoyaona yamenifanya niwe mkali kidogo.

La kwanza ni bomba lenyewe. Ukimwambia fundi «niletee bomba la inchi moja», atakwenda duka la vifaa vya ujenzi na kurudi na bomba la maji. Bomba la maji linaitwa inchi moja kwa kukadiria tundu lake la ndani. Ukilipima kwa nje linakaribia milimita 34. Bomba la kazi ya fremu hupimwa kwa nje, na inchi moja yake ni milimita 25 na kidogo. Tofauti hiyo ya milimita nane na ushee ndiyo inayofanya mlango ugome kufunga, unakwangua nguzo, na fundi anaanza kupiga nyundo kitu ambacho kingepimwa tu. Kwa hiyo usitaje inchi na kunyamaza. Sema kipimo cha nje, na unene wa ukuta wa bomba. Bomba la samani, lile jembamba la viti vya ukumbini, likatae.

La pili, lile bomba la maji linalong'aa limepakwa zinki. Zinki ikichomwa inatoa moshi mweupe, na fundi akiuvuta, jioni ile ile anaweza kushikwa na homa, baridi na mwili kuuma, akadhani ni malaria. Pale karakanani kulikuwa na pakiti ya maziwa juu ya benchi. Nikauliza, nikaambiwa ni dawa ya moshi. Ndugu zangu mafundi, maziwa ni chakula kizuri, kunyweni, ila moshi hauendi tumboni, unaenda kwenye mapafu. Piga grenda zinki itoke kwanza pale unapotaka kuchomelea, kazi ifanyike nje kwenye upepo, simama upande unaotoka upepo. Au nunua bomba jeusi, utapaka rangi mwenyewe.

La tatu ni kupinda, na hapa fundi yule alinifurahisha. Hana mashine ya kupindia. Alijaza bomba mchanga, akaushindilia, akaziba ncha zote mbili kwa vipande vya mti, akalipasha moto mpaka likawa jekundu, akalizungushia taratibu kwenye ringi ya gari iliyofungwa ardhini. Kona ikatoka ya mviringo, haikubonyea. Mchanga unashikilia kuta zisikunjane. Ila aliukaanga mchanga kwanza juu ya bati, na msaidizi wake alipotaka kuruka hatua hiyo alimfokea. Mchanga wenye unyevu ukipashwa ndani ya bomba lililozibwa unazalisha mvuke, na mvuke unakifyatua kile kipande cha mti kama hautakipasua. Jambo jingine alilolifanya bila kulisema: aliligeuza bomba mpaka mshono wake ukakaa ubavuni mwa kona. Ukiuweka mshono upande wa nje unavutwa, ukiuweka ndani unabanwa, na pande zote hizo mbili unaweza kufunguka. Hilo hakufundishwa na mtu wa kitabu.

Alipokosea, kwa maoni yangu, ni kwenye kitasa. Alitaka kuweka komeo, lile la kusukuma, la lango la zizi. Komeo linatosha mbuzi. Gari linatikisika, na komeo lililotikiswa kutwa linateleza lenyewe. Au bodi ikijipinda kidogo kwenye korongo, linabana na mtu hatoki. Kitasa cha gari kinashika mara mbili. Usipoubamiza mlango vizuri, lile jino la kwanza linakushikia mpaka utambue. Chukua kitasa cha gari, hata cha gari bovu, kichomelee kibati cha kukifungia, kipimwe dhidi ya ile pini iliyopo kwenye nguzo ya bodi. Kazi inaongezeka kwa nusu siku. Iongeze.

Bawaba nazo zitumike zile zile za kiwandani, zisichomelewe kwenye bodi. Hapo ndipo pa kugombania. Ukichomelea bawaba mpya kwenye nguzo, umekwisha kuamua kwamba mlango wa zamani haurudi, hata kama uko stoo. Fundi mzuri anatengeneza mlango wa mabomba ukae kwenye matundu yale yale ya bolti, ili mtoto wako akue aone milango yote miwili ikipishana kwenye gari moja. Kabla ya kuchomelea moja kwa moja anayashikiza mabomba kwa nukta chache za moto, anaufunga na kuufungua mlango, anarekebisha, ndipo anamalizia. Na aweke kipande cha mkanda wa kiti wa zamani wa kuzuia mlango usifunguke kupita kiasi, maana mlango mwepesi ukishikwa na upepo wa ziwani unakwenda kubonyeza bawa lako la mbele. Sehemu ya chini azibe kwa bati au turubai nene, mguu usichomoke nje. Saiti mira ihamishiwe kwenye nguzo ya kioo cha mbele, pande zote mbili. Nyaya zilizokuwa zinaingia mlangoni zisikatwe ovyo; zifunguliwe kwenye soketi zake, zivikwe mpira, zifungwe juu. Magari mengi kompyuta yake iko chini ya dashibodi, na sasa mvua ya Musoma ina njia ya kuifikia.

Kuhusu sheria nitakwenda haraka. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari lililoko barabarani lisiwe hatari kwa aliyemo na kwa asiyekuwemo, na trafiki ana mamlaka ya kulisimamisha na kulikagua. Kadi ya gari ina maelezo ya gari lako. Ukibadilisha bodi, waulize TRA kabla ya kuchomelea, si baada ya kukamatwa. Mwenye bima kubwa aiarifu kampuni yake ya bima, kwa maandishi, apate jibu kwa maandishi. Kampuni ya bima inayosikia habari ya milango kwa mara ya kwanza siku ya ajali haitakuwa na haraka ya kulipa. Na unayefikiria kuingia nayo Serengeti, kumbuka kwamba ndani ya hifadhi hukai nje ya gari isipokuwa mahali palipoonyeshwa, mwendo hauzidi kilomita 50 kwa saa, na kuacha barabara ukakata majani ni kosa. Ile raha ya kupanda majabali ya kwenye picha haiko hifadhini. Ukifika Ndabaka na gari la mabomba wakikuuliza maswali, wana haki ya kuuliza, na simba ukimkuta kivulini hatauliza.

Kwa hiyo mpango ninaoupendekeza ni huu, na ni wa mtu asiye na pesa nyingi. Milango ya mabomba ikae kwenye gari msimu wa shamba na kazi za porini za mwendo mdogo. Ukijua kwamba wiki hii una safari ya lami, rudisha milango ya kiwandani jioni ya kuamkia safari. Watu wawili, spana moja, nusu saa mkishazoea. Utashawishiwa uiuze ile ya kiwandani. Milango ya mkonga inauzika upesi, iwe ya kushoto au ya kulia, na mnunuzi atakuja na fedha mkononi siku ile ile mifuko yako imetoboka. Siku utakapotaka kuinunua tena utapewa mlango wa gari jingine, umenyooshwa, umejazwa puti, na kioo kisichopanda.

Itunze basi. Isimamishe wima, usiilaze, kioo hakipendi kulala na kitu juu yake. Ikae juu ya ubao, isiguse sakafu yenye unyevu. Zile tundu ndogo za chini za kutolea maji zisafishe, kutu ya mlango huanzia huko. Raba ipake mafuta kidogo ya silikoni, ya petroli yanaivimbisha. Ncha za nyaya zifunge kwa mfuko, panya wa stoo wanapenda plastiki ya waya kuliko mahindi. Na bolti za bawaba zitie kwenye chupa ya plastiki, uifunge chupa kwa kamba kwenye mpini wa mlango wenyewe. Bolti zikipotea fundi atakuletea za saizi inayokaribia, na mlango wako utalia kuanzia Bunda mpaka Nyamuswa.